Lenzi ya Dirishani

Mzee aliingia chumba cha macho Jumanne moja mwezi uliopita, akishikwa mkono na binti yake, nami nikamtambua kabla hajaketi. Nilimtambua kwa namna alivyokipangusa kiti kwa mgongo wa kiganja kabla ya kukikalia, vile vile alivyokuwa akipangusa vumbi la chaki kwenye meza ya mbele darasani kwetu. Yeye hakunitambua. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho huko Mwanza, jicho lilikuwa limepona, na sasa alihitaji miwani. Binti yake, ofisa wa halmashauri aliyehamishiwa Bariadi mwaka jana, alieleza yote hayo kwa adabu kisha akatoka nje kupokea simu. Nikabaki naye. Nikamvisha fremu ya majaribio, ile nzito ya duara inayomfanya kila mtu aonekane bundi, nikaanza kazi ambayo nimeifanya karibu miaka ishirini na mitano: natia lenzi, natoa lenzi, nauliza, "Ya kwanza au ya pili, ipi inasomeka?" Hasira ya miaka mingi ilikuwa imeamka.

"Ya pili," alisema. Kisha, kwa ule uchangamfu wa wazee waliozoea kusikilizwa, akaongeza, "Unajua mwanangu, haya mambo ya lenzi mimi nilikuwa nayafundisha. Hapa hapa Bariadi, kabla hamjawa mkoa."

"Ulifundisha kwa lenzi gani, mwalimu?"

Akageuza kichwa kunitafuta uso, fremu nzito ikiyumba puani. Nilikuwa nimemwita mzee tangu aingie. Neno mwalimu nililitamka kama tulivyolitamka darasani kwake.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina kwa sababu walioko pale leo hawana kosa. Bweni letu la wasichana lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la maana, upande wa mashariki, na vitanda vya ghorofa vilivyopangwa mpaka kwenye giza la mwisho. Mimi na rafiki yangu Minza tulilala mwisho kabisa. Tulikuwa na kipande kimoja cha kioo cha kujitazamia, kimevunjika pembe, wasichana wanane tunakigombania kila asubuhi kama kuku na pumba. Wenzetu walikitumia kuchana nywele. Minza alikuwa na kazi nyingine nacho: alikisimamisha kwenye ukingo wa dirisha, akakigeuza kidogo kidogo, mpaka mwanga wa asubuhi ukaruka ukaja kutua juu ya kitanda chetu, nasi tukasoma pale gizani wakati wengine wanangoja kandili. Alikuwa ameweka alama za mkaa ukutani kuonyesha pembe inayoingia na pembe inayotoka. Kila siku alizipima kwa rula, kila siku zilikuwa sawa, na kila siku alifurahi upya, jambo lililonikera mimi niliyekuwa na usingizi. Akitaka kunichokoza zaidi, alidondosha tone la maji juu ya karatasi ya nailoni iliyofunika daftari langu, na herufi moja ya jina langu, Nkamba, ikavimba ikawa kubwa kuliko ndugu zake. "Umeona?" ananiambia. "Mwanga umepinda. Umeingia kwenye maji ukapinda." Tulikuwa tunakula michembe aliyotumiwa na mama yake kutoka Nkoma, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, na mimi nilikuwa nataka kula, sikutaka kuona mwanga ukipinda.

Jambo moja lilimtenga na wenzetu. Huku kwetu mvua ya radi ikianza, kioo hufunikwa. Kioo huita radi, ndivyo tulivyolelewa wote, na mpaka leo mama yangu mdogo hugeuza hata sahani ya bati. Ngurumo ya kwanza ikipiga, wasichana wanarukiana kutafuta kanga ya kukifunika kile kipande. Minza alikifunua. "Kioo kinarudisha mwanga uliokwisha kuja," alisema. "Hakina mdomo wa kumwita mtu." Wengine walilia kwa hasira. Mmoja alihamisha godoro lake. Minza alisimama pale na kioo chake mkononi, umeme unamulika, akitazama kile anachokiona ndani yake, na radi haikutupiga. Ungedhani jambo hilo lingemsaidia mtu kupata heshima. Halikumsaidia. Lilihifadhiwa tu, likingoja siku ya kutumika.

Fizikia tulifundishwa na Mwalimu Mbwambo, Mpare kutoka Same, kijana wakati ule, mke wake amebaki kwao na mtoto mchanga. Alitufundisha mwanga kwa chaki. Lenzi mbinuko ilikuwa mikunjo miwili ubaoni iliyobusiana juu na chini. Mionzi ilikuwa mistari yenye mishale inayoingia imenyooka, inatoka imeinama, inakutana mahali panapoitwa fokasi. Tulinakili. Tulijua kuchora kila kitu na hatukuwahi kugusa chochote. Na usidhani shule haikuwa na vifaa. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Vifaa vilikuwepo, vimeletwa na wafadhili ndani ya sanduku zuri: lenzi za kila unene, vioo mbinuko na mbonyeo, prizimu tatu, na lenzi moja kubwa sawa na kisahani cha chai juu ya kigingi chake cha mbao. Vyote vilikaa kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa shule, funguo kiunoni mwake. Vilikuwa vya kuonyesha wageni. "Watoto watavunja," alisema, na alisema hivyo mbele yetu, kwa sauti ya mtu anayetusifu. Leo nikipokea lenzi mpya hospitalini, huwaita vijana wa mafunzo kwa vitendo na kuwaambia washike, wachafue, wavunje hata mbili tatu. Wananiona nina wazimu kidogo. Hawajui ninagombana na nani.

Ile lenzi kubwa tuliishika mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya mavuno. Shule ilikuwa na shamba la pamba, na Minza alikuwa kiranja wa shamba, akishika ufunguo wa chumba tulichoweka pamba. Chumba chenyewe kilijengwa kiwe maabara. Kilikosa meza, kilikosa mabomba, kikawa ghala, na hakuna mtu aliyeona ajabu. Siku hiyo mkuu wa shule alisafiri kwenda Shinyanga akamwachia Mwalimu Mbwambo funguo zote, na mwalimu, ambaye nataka nimtendee haki, hakuweza kujizuia. Alikuja nje tulikokuwa tumekaa chini tunachambua pamba, safi huku na fifi huku, ile ya daraja la pili yenye madoa na vipande vya majani makavu, akiwa ameibeba ile lenzi kubwa ndani ya koti lake kama mtu aliyeiba kuku. Akatupa saa moja. Nimesoma chuo, nimehudhuria semina za watu wenye kompyuta mpakato, sijapata saa nyingine kama ile. Tulitazama vidole vyetu. Tuliutazama mti wa mbali ukisimama kichwa chini juu ya karatasi nyeupe. Kisha Minza akaomba, akaipokea kwa mikono miwili, akalikusanya jua likawa nukta, akaiweka nukta ile juu ya pamba safi. Hakuna kilichotokea. Akangoja. Tukacheka. "Pamba nyeupe inautupa mwanga," alisema, anajisemea. Akaisogeza nukta mpaka kwenye fifi, juu ya kipande cha jani la kahawia, na kabla sijamaliza kupiga chafya moshi ulikuwa unapanda, na nyuma ya moshi ulimi mdogo wa moto. Mwalimu Mbwambo akaukanyaga kwa kiatu akipiga makofi. "Nani aliwafundisha hilo?" alipaza sauti. "Halimo kitabuni kwangu! Minza, wewe utakuja kunifundisha mimi!"

Kumbuka makofi yale. Mimi nimeyakumbuka maisha yangu yote.

Wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba wakaguzi wanakuja. Mkuu wa shule akataka ile ghala iitwe maabara tena, angalau kwa siku hiyo. Akaamuru magunia yasukumwe upande wa nyuma, mlango wa mbele ufagiliwe, na ile lenzi kubwa isimamishwe kwenye ukingo wa dirisha ili ing'ae, wageni waione tangu getini. Aliiweka kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama, akaridhika. Dirisha lile lilikuwa la magharibi, na chini yake, kwa sababu magunia yalikuwa yameisha, tulikuwa tumerundika fifi mpaka karibu usawa wa ukingo. Minza aliliona jambo hilo papo hapo. Nilikuwa naye tulipomfuata Mwalimu Mbwambo karibu na jiko.

"Mwalimu, jua la saa kumi linaingia dirisha lile."

"Najua, Minza."

"Na fifi iko pale chini."

"Nitamwambia mkuu," alisema. Alikuwa na kikombe cha uji mkononi, akapuliza, akanywa. "Usihangaike. Nitamwambia."

Hakumwambia. Siku mbili baadaye, saa kumi na kitu, tukiwa uwanjani tunafanya mazoezi ya gwaride la kuwapokea wakaguzi, mwenzetu mmoja alinyoosha kidole kuelekea ghala; moshi ulikuwa unatoka dirishani. Kiangazi cha huku kinakausha kila kitu, na pamba haihitaji kubembelezwa. Tulipofika na ndoo, bati zilikuwa zimeanza kujikunja. Hakuna aliyeumia. Pamba yote ya shule, jasho letu la tangu kupalilia, iliondoka kwa muda ambao mtu anamaliza kula ugali. Jioni ile ile waliwapekua wote waliokuwa na ufunguo, yaani walimpekua Minza, wakamkuta na kiberiti mfuko wa sketi. Bila shaka alikuwa na kiberiti. Ilikuwa zamu yetu ya kuwasha kandili bwenini.

Huko jikoni wapishi na mlinzi walikuwa na hukumu yao. Niliisikia nikichukua maharage. "Moto wa mchana mkavu, hakuna wingu," mlinzi anasema. "Hiyo ni radi ya kutumwa. Si ndiye yule binti anayeiita radi kwa kioo?" Wapishi wakaguna. Ajabu ni kwamba mlinzi, pamoja na ujinga wake wote, alikuwa karibu na ukweli kuliko walimu kumi na wawili wenye vyeti: alijua moto ulitoka juu, ulipita kwenye kioo. Alikosea nani alikiweka hicho kioo pale. Asubuhi yake Minza alirudi kwenye majivu kwa miguu mitupu, akachakura kwa fimbo, akaipata ile lenzi imepasuka katikati, kipande kimoja bado kizima ukingoni. Akakipeleka kwa Mwalimu Mbwambo kimefungwa kwenye leso. Alidhani amepeleka ushahidi.

Wiki hiyo mimi nilikuwa zamu ya chai ya walimu. Saa nne ya asubuhi ile nilitoka jikoni na birika, nikapita kwenye benchi la nje ya ofisi ambapo Minza alikuwa ameambiwa akae angoje, tukatazamana, nikakata kona ya jengo kuelekea mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi nusu. Nikasikia sauti ya mkuu wa shule, nikasimama.

"Mbwambo, ukisema ni lenzi, swali linalofuata ni nani aliiweka dirishani. Unalijua jibu?"

"Nalijua, mkuu."

"Mimi. Sasa, barua yako ya uhamisho iko hapa mezani, bado sijasaini. Mama watoto yuko Same, siyo? Mtoto ana umri gani?"

"Miaka miwili."

"Umemwona mara ngapi?"

"Mara mbili, mkuu."

"Basi tusichoshane. Hicho kipande katumbukize chooni. Binti alikuwa na kiberiti mfukoni, na kiberiti kinawasha moto. Hilo hata mama yangu kule kijijini analijua."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilisikia hatua. Nikabisha hodi kama vile nimefika sasa hivi, nikamimina chai, vikombe viwili, na Mwalimu Mbwambo alipita pembeni yangu akitoka, leso ya Minza mkononi. Nilimwona kwa dirisha akielekea vyooni. Alikaa huko dakika moja. Aliporudi leso ilikuwa tupu, na alikuwa ameikunja vizuri.

Kesho yake mstarini Minza aliitwa mbele. Akaulizwa aliwashaje. Akasema kwa sauti ile ile ya kupima pembe ukutani, bila kulia, kwamba lenzi ilikusanya jua la saa kumi ikaliweka juu ya fifi, na kwamba Mwalimu Mbwambo mwenyewe aliona jambo hilo likitokea Jumamosi ya mavuno. Shule nzima ikamgeukia mwalimu. Mkuu wa shule akatabasamu. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Kioo baridi, hakina mafuta, hakina njiti. Kinaweza kuwasha pamba?" Mwalimu Mbwambo akatazama viatu vyake, kimojawapo ndicho kilichoukanyaga ule moto. "Mambo ya kitabuni, mkuu," alisema, "yanataka vipimo. Kwa hapa siwezi kuthibitisha." Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu ni raha kucheka upande wa mwenye funguo. Darasa letu lilikuwepo pale, watu thelathini na kitu waliouona moshi kwa macho yao, na hakuna aliyefungua mdomo. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, tunapenda kusema hivyo. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaifunga kabatini pamoja na prizimu.

Baba yake alikuja siku ya tatu kwa baiskeli kutoka Nkoma. Alikuwa mtu mrefu mkimya mwenye kofia ya pama aliyoivua tangu getini na hakuivaa tena mpaka alipoondoka. Alichuchumaa nje ya ofisi, akaambiwa alichoambiwa, akapewa barua ya kumfukuza binti yake, asiyoweza kuisoma. Hakumpiga binti yake. Alilifunga sanduku la bati kwenye keria ya baiskeli, akakaza kamba za mpira, akazikaza tena. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya Minza na kandambili zake. Mzee akanigeukia, akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Wewe ndiwe nkoi wake, rafiki yake, ananitajia jina lako likizo zote. Mimi sikusoma. Hawa wanasema hivi, mwanangu anasema vile." Alikuwa ananitazama kwa heshima, mtoto wa miaka kumi na saba, kwa sababu nilivaa sare. "Wewe umeona nini, mayu?"

"Sikuona kitu, baba," nilisema.

"Haya. Wabeja." Akanishukuru hivyo, akasukuma baiskeli. Minza alitembea upande wa pili wa sanduku, mkono juu yake, na hakugeuka nyuma. Mavuno yaliyofuata nikasikia ameolewa.

Nilihamia kwenye kitanda chake cha chini. Nikarithi kioo na alama za mkaa. Mwaka uliofuata nilikuwa wa kwanza katika fizikia, nafasi ambayo kila mtu alijua ilikuwa ya nani, nikafaulu, nikaenda kusomea macho, na nimekula mshahara wa lenzi tangu siku hiyo mpaka leo. Mwalimu Mbwambo alipata uhamisho wake mwezi ule ule. Miaka yote hiyo nimemchukia kwa bidii. Nimemchukia nikipanga lenzi kwenye trei, nimemchukia nikifuta vioo kwa kitambaa laini. Yule mkuu wa shule sikumchukia hivyo; fisi akila mbuzi huwezi kumlaumu kwa kuwa fisi. Lakini yule mwingine alikuwa anajua. Alijua pembe zote, alipiga makofi.

Basi Jumanne ile, fremu puani, aliuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni nani?"

"Nkamba. Meza ya tatu, upande wa Minza."

Akataka kuivua fremu. Nikamzuia mkono. "Tulia, mzee. Hatujamaliza jicho la kushoto." Na tukamaliza. Nisiwadanganye: niliufikiria uovu. Ningeweza kumwandikia nambari ya uongo, akarudi nyumbani dunia imepinda, akajikwaa ngazi za binti yake mpaka kufa. Nilimpa nambari sahihi. Herufi za mwisho kabisa kwenye chati, zile ndogo, alizisoma zote, machozi yakimtoka chini ya lenzi hata ikabidi nizifute.

"Nilikuwa na mtoto," alisema.

"Najua. Nilisikia. Nilikuwa mlangoni."

Akanitazama kwa yale macho mapya, kwa muda mrefu, nadhani alitaka kuniuliza jambo. Sikumpa nafasi. Niliweka karatasi na kalamu juu ya meza. "Sasa unaona vizuri. Andika."

Aliandika mistari sita kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Kwamba moto uliwashwa na lenzi. Kwamba alionywa na Minza siku mbili kabla. Kwamba kipande alikitupa chooni yeye mwenyewe. Akaweka sahihi, akaongeza namba ya simu ya binti yake, sijui kwa nini. Nikaikunja nikaitia mkobani, na siku zilizobaki za wiki nilitembea nimeinua shingo. Nilijiona mtu wa haki. Hata muuza vocha aliniuliza kama nimepandishwa cheo.

Jumapili nilichukua pikipiki mpaka Nkoma. Tulikuwa tumeonana na Minza mara chache katika miaka yote hii, misibani, tukasalimiana salamu ndefu za Kisukuma zinazokupa nafasi ya kutosema lolote. Nilimkuta barazani kwake anachambua pamba na wajukuu wawili. Amekonda, mikono imekuwa ya baba yake. Puani alikuwa na miwani ya mnadani, kali kupita kiasi, fremu imefungwa uzi mahali ilipovunjika. Nilikuwa nimembebea nyingine nzuri, nguvu yake niliikadiria tangu msiba uliopita kwa kuangalia anavyosogeza kikombe mbali. Akavaa, akatazama kiganja chake, akatazama jani moja kavu kwenye fifi. Kwa sekunde moja alikuwa msichana wa bwenini.

"Umeona?" nilimwambia.

"Nimeona." Akacheka kidogo.

Nikampa barua. Aliisoma mara moja, polepole, midomo ikienda. Mimi nilikuwa nangoja, sijui nilikuwa nangoja nini, kilio, kukumbatiwa, ng'ombe achinjwe. Aliikunja ikarudi kwenye mikunjo yake ile ile, akaiweka chini ya kinu ili upepo usiichukue, akarudi kuchambua pamba.

"Ya mwalimu nimeipata," alisema. "Na yako iko wapi?"

"Yangu ipi?"

"Nilikuwa kwenye benchi, Nkamba. Nilikuona unakata kona na birika. Nilihesabu mpaka nikasikia unabisha hodi. Kutoka pale benchini mpaka mlangoni ni hatua tisa. Wewe ulikaa muda wa hatua mia." Hakuwa amepandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti maisha yake yote. "Njiani baba aliniambia, rafiki yako amesema hakuona kitu. Nikamwambia ni kweli, baba, hakuona. Alisikia. Akasimamisha baiskeli. Akauliza, turudi tumwulize tena? Nikasema hapana, atakuja mwenyewe."

"Minza..."

"Baba alikufa anakungoja," alisema. "Alikuwa akisikia pikipiki anauliza kama ni wewe."

Nilirudi mjini giza halijaingia. Nimeandika sura hii ya kumbukumbu zangu mara nne, na mara tatu za kwanza ilikuwa sura ya Mwalimu Mbwambo, jinsi alivyokuwa mwoga, jinsi alivyoikunja ile leso. Ilinipendeza sana kuiandika. Nimezichana. Yeye alikuwa na mtoto Same aliyemwona mara mbili. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na nafasi ya pili darasani na niliitaka ya kwanza. Hilo sijawahi kumwambia mtu, wala mume wangu. Niliposema sikuona kitu, baba, tayari nilikuwa nimekwisha kukitazama kitanda chake cha chini.

Kwa hiyo yangu hii hapa, Minza, itakufikia Jumapili kwa mkono wangu, na nitaisoma mbele ya wajukuu wako kwa sauti, kisha nitaisoma kwenye kaburi la baba yako hata kama watu watanicheka. Mimi Nkamba nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nilisikia yote. Ilikuwa lenzi, aliiweka mkuu wa shule, na wewe hukuwasha kitu. Nilijua siku ile ile, na baba yako aliponiuliza kwa heshima, nilimdanganya.